Namba ya Lajbar

Bunduki ya kumi na mbili ndiyo iliyomtelezesha Ghazan ulimi.

Kumi na moja za kwanza alizisoma vizuri. Pale Darra, mji wa mafundi bunduki, fundi hasafishi bunduki kuukuu ya jeshi kabla hajaisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe: taji, mwaka, namba ya mwilini, namba ya komeo, ili kesho asitokee wa kusema amebadilishiwa. Ghazan alifuta grisi kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akainamia chuma, akasema, "Nne, nne, moja, saba."

Yarmat, mwenye mzigo, akacheka. "Ustadh, macho yako yamekwenda likizo? Mimi naona tisa, sifuri, sita, mbili. Kaazime miwani ya mama mkwe wako!"

Ghazan akatazama tena. Kweli, 9062. Na ile mbili ilikuwa imekatika mkia. Aliujua mkia ule. Muhuri ulioigonga ulikuwa ndani ya droo yake mwenyewe, chini ya matupa.

"Umeipata wapi hii?"

"Kwa watoto wa marehemu Malik Zarbadin. Wanauza kila kitu, hata mablanketi. Mbona umepauka?"

"Njaa tu," akasema Ghazan.

Haikuwa njaa. Miaka mitatu nyuma, koo mbili za bondeni zilipatana kusimamisha vita, na kila upande ukaweka bunduki mikononi mwa Malik, mkuu wa bonde, iwe rehani ya amani. Ya Lajbar, mtu wa ukoo mmojawapo, ilikuwa nzuri kuliko zote. Malik, mjomba wa mke wa Ghazan, akaitamani. Akaileta karakana amefunika kwa shali. Ghazan akaifuta namba yake, 4417, akagonga 9062, akabadilisha kitako. Muda wa rehani ulipokwisha, Lajbar aliitambua bunduki yake na kuidai, na wazee wa jirga, baraza la koo, wakamwita Ghazan aisome, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kusoma chuma. Akaisoma. Akaapa kwamba chuma kile hakijaguswa. Lajbar akaitwa mwongo mbele ya wanaume wote, na maadui zake wakasema mwenye kudanganya juu ya rehani hana amani nao. Siku ya nne wakampiga risasi shambani kwake, mikono mitupu.

Sasa Ghazan akaosha mtutu kwa maji yanayochemka, mara tatu. Mvuke uliotoka haukunuka mafuta wala kutu. Ulinuka kafuri, kama chumba anamooshewa maiti.

Asubuhi akaikuta bunduki, aliyoiacha kavu ukutani, imejaa grisi tena, na grisi ile ilikuwa na joto la ngozi. Akasogeza sikio. Ndani ya mtutu mtu alikuwa anavuta pumzi, taratibu, kama anayengoja zamu yake ya kusema.

Mchana mkewe Zarmina akafunua kitambaa cha mikate iliyotoka tanurini. "Baba Spogmai, nani kachezea unga wangu?" Kwenye kila mkate, namba ilikuwa imezama: 4417.

"Igeuze upande wa pili, tule," akasema.

Siku ya Ijumaa Zarmina alikuwa anamwogesha Spogmai, binti yao wa miaka sita, mara akamwita mumewe kwa kunong'ona, mnong'ono ulio mbaya kuliko ukelele, naye akaja mbio akaona juu ya bega dogo la mwanawe tarakimu nne zimedidimia nyamani, safi, zimenyooka, kama zilizogongwa kwa nyundo na mkono uliotulia, na mtoto halii, anatazama ukuta tu, na kinywani mwake inatoka pumzi ile ile ya mtutuni, yenye harufu ya kafuri, ikisema kwa sauti ya mwanamume, "Nisome."

Wakamleta Mullah Samandar. Alisoma, akapulizia maji, akamnyunyizia mtoto hadi jasho likamtoka yeye mwenyewe. Kisha akamvuta Ghazan kando.

"Jini huyu alikaa ndani ya chuma kile tangu mababu zetu hawajazaliwa. Namba ndiyo mlango wake. Nani kauziba?"

Ghazan akageuza uso kuelekea karakana.

"Basi anatafuta pengine pa kuandikwa. Mimi simtoi. Atatolewa na ulimi uliomfungia. Nenda mbele ya jirga, useme. Yote, umenisikia? Yote."

Ghazan alikwenda. Wazee walikaa duara, na katikati yao Mzee Khaistamir, baba yake Lajbar. Ghazan aliilaza bunduki mkekani. Njia nzima alikuwa amejifunza maneno: niliifuta mimi, niliapa uongo, damu ya mwanao iko mikononi mwangu. Lakini nyuma ya mzee walisimama wapwa zake watatu, na bunduki zao zilikuwa mpya.

"Hii ni ya Lajbar," akasema. "Chini ya namba hii kuna nyingine iliyofutwa, 4417. Siku ile… nilikosea kusoma. Macho tu, wazee wangu. Macho."

Mzee Khaistamir akainuka kwa shida, akamkumbatia.

"Mungu akulipe, mwanangu. Umemwondolea mtoto wangu jina la mwongo. Ni wangapi wangekubali kwamba walikosea?"

Machozi ya mzee yalimlowesha Ghazan shingoni, naye akayaacha yatiririke, hakuyafuta, maana hakujua ayafute kwa mkono upi.

Alipofika nyumbani Zarmina alimlaki mlangoni akicheka na kulia. "Ameamka! Ameomba chai! Zinafutika, Baba Spogmai, njoo uone!"

Spogmai alikuwa amekaa kitandani, mashavu yana damu, anachezea ncha ya ushungi. Ghazan akapiga magoti, akamfunua bega. Nne mbili za mwanzo zilikuwa zimetoweka, ngozi laini kana kwamba haijawahi kuguswa. Moja na saba zilikuwepo. Zilikuwa zimezama zaidi kuliko jana, na pembeni mwazo ngozi ilikuwa inaanza kung'aa kama chuma kilichopigwa msasa.

Mtoto akageuza shingo, akamtazama babaye kwa upole.

"Baba," akasema, na chumba kikajaa kafuri, "umesahau hizi mbili. Zisome."