Kicheko Nyuma ya Pazia

Kicheko kilitangulia. Jumanne, akimsomea mkewe hadithi, alikuwa hajafika mahali pa kuchekesha, na tayari mwanamke alishacheka, taratibu, nyuma ya pazia la chumbani.

"Nani huyo?" Saumu aliuliza.

"Si wewe?" mumewe alijibu bila kuinua macho kitabuni.

Mtu na mkewe hao walikaa mtaa wa Chuno, mwaka wa sabini na mbili. Tangu wamzike mtoto wao, Saumu hakuzitaka tena riwaya za kutisha zilizojaa vilio na makaburi. "Nitafutie za majini ya kutisha kwa raha," alimwambia mumewe. "Nishtuke, nikushike mkono, halafu nicheke. Kulia nimelia vya kutosha."

Jumanne, karani wa ghala la korosho, alizunguka kwa wauza vitabu wa mjini mpaka akazipata. Kila baada ya Magharibi alimsomea, akiigiza sauti ya jini, ya mbuzi, ya bibi kizee. Saumu akaanza kucheka tena.

Sasa kulikuwa na mwingine anayecheka, tena vizuri kuliko yeye.

Kila jioni kicheko kilirudi, na harufu ya asumini iliyochacha. Jumanne naye akaanza kukigeuza kiti chake, uso kwenye pazia, mgongo kwa mkewe. Wivu ukamwingia Saumu. Akamshuku Hamisa, jirani yao, akamfuata uani.

"Unamtaka mume wangu?"

Hamisa aliacha kutwanga. "Mimi, shoga?" alinong'ona. "Mbona nilidhani una mgeni? Ulipokwenda msibani Mpapura, alicheka humo ndani mchana kutwa."

Jioni ile Saumu alisingizia kwenda kisimani, akazunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia dirishani, akamwona mumewe ameketi kitandani akisoma kwa ile sauti ambayo Saumu alidhani humsomea yeye peke yake, vidole vimefumbata hewa kama mtu aliyeshika mkono wa mpenzi, na godoro kando yake limebonyea pasipo mtu, na kurasa zikifunuka zenyewe kabla hajazigusa, na kicheko kikipanda, kikipanda, mpaka kikakatika ghafla, na sauti ikamwambia sikioni, yeye aliyekuwa nje: "Wewe una msiba wako. Huyu niachie."

Kesho yake Mwalimu Selemani, mtoa majini, aliletwa kutoka Mikindani. Alifukiza ubani, akaanza kusoma dua. Jumanne akatetemeka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya kike.

"Nimekaa hapa tangu nyumba haijaezekwa. Hakuna aliyewahi kunifurahisha ila huyu."

"Toka," alisema Mwalimu.

"Atoke mkewe! Yule hacheki, anajisahaulisha tu."

"Ni mume wangu!" Saumu alipiga kelele, na hofu yote ikamtoka, ikabaki hasira. Mwalimu akapandisha sauti ya kisomo. Pazia likachanika toka juu hadi chini, Jumanne akaanguka, na ile harufu ikapotea.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, Jumanne alichukua kitabu mwenyewe. Alipofika mahali pa kuchekesha Saumu alicheka, kwa nguvu, kama mwenye mali aliyerudishiwa mali yake. Kisha akamtazama mumewe. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Unalia nini, mume wangu?"

Jumanne alikuwa akiutazama mlango mtupu wa chumbani.

"Hajacheka," alisema.