Dobi Aliyeandika Jina Kila Ukurasa

Kazi ya kwanza ya dobi kila asubuhi haikuwa kufua. Ilikuwa kuandika. Kila nguo iliyoingia dukani aliitia alama ndogo ya wino ndani ya ukosi, mahali pasipoonekana. Wino wenyewe haukutoka kwa maji wala kwa sabuni. "Nguo bila alama ni mtoto aliyeachwa sokoni," alipenda kusema. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mteja wake aliyeondoka na suruali ya mwenzake. Alijivunia sana jambo hilo, na mkewe alikuwa amechoka kulisikia.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za makaa, na kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mkewe aliketi karibu na mlango akishona vifungo. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake vilevile.

Mwisho wa kamba lilining'inia shati jeupe lenye mistari ya bluu. Mwenyewe alilileta miaka kumi na moja iliyopita, akasema atalifuata Jumatatu. Hakurudi. Dobi hakuliuza wala hakulivaa. Kila baada ya miezi michache alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha mahali pake. Jumatatu ziko nyingi, nani ajuaye.

Kutokana na shati hilo dobi alitunga hadithi. Hakutaka iwe ya kitabu. Alitaka iwe ya filamu, kwa sababu kila alipoifikiria aliiona. Aliiandika nyuma ya vikaratasi vya kupokelea nguo, kidogo kidogo, wakati pasi ikipata moto. Kila kikaratasi kilikuwa na tukio moja. Alivibana kwenye kamba kwa vibanio, na alipotaka kubadilisha mpangilio alihamisha kibanio. Wateja walidhani ni risiti zilizolowa zinazokaushwa.

Asubuhi moja mkewe aliinua macho akamwona anavishusha vyote.

"Unafanya nini?"

"Makaa yamelowa. Nataka karatasi za kuwashia pasi."

Sindano ilisimama. "Hizo ni karatasi za hadithi yako."

"Hadithi gani? Wenye filamu walishanijibu."

Kweli walimjibu. Mwaka uliopita dobi alisikia redioni tangazo la mashindano ya waandishi wapya wa filamu. Alinakili hadithi yake vizuri, akaipeleka. Baada ya wiki tatu nakala ilirudishwa kwenye bahasha pamoja na barua fupi. Dobi alisoma mstari wa kwanza: "Kazi yako haikusomwa." Hakuendelea. Aliikunja barua akaizika kwenye kopo la vifungo.

"Waliona ni dobi, wakacheka," alisema sasa, akivikusanya vikaratasi mkononi. "Sikutaka zawadi mimi. Nilitaka mtu mmoja tu anayeijua kazi aisome mpaka mwisho. Aniambie kama ni hadithi au ni upuuzi."

Mkewe alimwonea huruma, akachukua kiberiti kilichokuwa mezani, akakiweka mapajani mwake.

"Hodi hapa!"

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mashati matatu mkononi. Yote yalikuwa ya kijani, ya kitambaa kimoja, saizi moja.

"Karibu, dada," alisema mke wa dobi.

"Asante, dada yangu. Shemeji, habari za kazi? Hili la kwanza nifulie vizuri. Hili la pili lina doa la chai. Lipige pasi, lakini doa libaki. Na hili lililochanika usiliguse kabisa. Nimelileta ulione tu, usije ukafikiri nimesahau moja."

Kifungo kilimdondoka mke wa dobi. "Doa libaki? Dada, umekuja kwa dobi au umekuja kututania?"

Mgeni alicheka. "Mimi ni mtunza mavazi wa filamu. Kuna kijana mmoja kwenye filamu yetu. Asubuhi anatoka kwake, yuko safi. Mchana anagombana na bosi, anamwagiwa chai. Jioni anarudi nyumbani shati limechanika. Hasemi neno. Mkewe anamtazama shati tu, anajua siku ilikuwaje."

"Filamu!" Mke wa dobi alisimama na kumvutia mgeni kigoda. "Basi usiondoke. Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mume wangu ameandika filamu, na hivi sasa anataka kuitia kwenye pasi."

"Mke wangu, acha mambo yako," alisema dobi. Masikio yalimwaka kwa aibu.

"Niache vipi? Mpe dada asome. Akisema ni upuuzi, kiberiti hiki hapa."

Dobi hakuwa na pa kujificha. Alimpa mgeni vikaratasi, akageuka kupepea makaa ambayo hayakuwa hata na moto. Mtunza mavazi alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alicheka mara moja. Kisha alisoma mpaka cha mwisho, akatazama lile shati la mistari mwisho wa kamba.

"Shemeji, nani alikufundisha kuweka kila tukio kwenye karatasi yake?"

"Hakuna. Vikaratasi ni vidogo."

"Basi vimekufundisha vizuri. Waandishi wengi wa filamu hufanya hivihivi. Tukio moja, karatasi moja. Halafu wanapanga. Hadithi yako ni nzuri, nakwambia kweli. Lakini ina tatizo." Alichomoa kikaratasi kimoja, akakisoma kwa sauti. "'Dobi anakumbuka miaka yote aliyomngoja mteja, na moyo unamuuma.' Sasa niambie. Kamera itauonaje moyo?"

Dobi alifikiri. "Haitauona."

"Filamu ni kinachoonekana na kinachosikika. Basi. Hili doa la chai linanieleza siku nzima ya mtu bila maneno. Wewe miaka yote kazi yako ni kutoa madoa. Kwenye filamu kazi yako ni kuliweka doa pale mtazamaji atakapoliona."

Dobi alilitazama shati la kijani, kisha la mistari.

"Akilishusha shati," alisema polepole, "aone kifungo kimelegea. Akishone. Lakini mwenyewe hajaja miaka kumi na moja."

"Ehee!"

"Na asiseme kitu."

"Asiseme kitu! Tutajua wenyewe kwamba moyo unamuuma."

Mke wa dobi alitazama sindano yake, akajifanya ana vumbi jichoni. Kisha akafungua kopo la vifungo, akatoa barua. "Na hii je, dada? Maana hii ndiyo imemkatisha tamaa."

Mtunza mavazi aliisoma yote, kuanzia juu hadi kwenye sahihi. "Shemeji, uliimaliza hii?"

"Niliona imetosha."

"Sikiliza. 'Kazi yako haikusomwa kwa sababu ina jina la mwandishi. Tazama sharti la nne. Tunakukaribisha ujaribu tena.' Hawajasema ni mbaya. Hawajaiona! Ile nakala waliyorudisha iko wapi?"

Dobi aliitoa chini ya blanketi la meza. Zilikuwa kurasa kumi na nane. Kwenye pembe ya kila ukurasa palikuwa na jina lake, dogo, safi, kwa wino usiotoka.

Mtunza mavazi alijitahidi asicheke, akashindwa. Mke wa dobi naye akashindwa. "Mara kumi na nane!" alisema akijishika mbavu. "Umezifanya kurasa nguo za kufuliwa!"

"Kitu bila alama hupotea," dobi alijitetea.

"Najua, shemeji," mgeni alisema kwa upole. "Kwako alama huokoa nguo. Lakini waamuzi hawatakiwi kujua ni kazi ya nani, wasije wakapendelea rafiki au kudharau mgeni. Jina huandikwa kwenye fomu tu. Kazi yenyewe hupewa namba. Kwa hiyo hakuna aliyekucheka kwa sababu ya udobi. Sharti hilo limewekwa kukulinda wewe."

Dobi alikaa kwenye ukingo wa meza. Mwaka mzima alikuwa amebeba uchungu wa kuchekwa na watu ambao hawakumcheka. Alijisikia mjinga, lakini pia alijisikia mwepesi.

"Mashindano ya mwaka huu yapo?" aliuliza.

"Yapo. Tangazo limebandikwa ubaoni pale maktaba. Zimebaki wiki tatu. Pitia ubao huo kila mwezi. Mashindano, mafunzo ya bure, watu wanaotafuta hadithi fupi, mengi hutangazwa pale na kwenye redio. Na kila tangazo lisome mpaka neno la mwisho."

Kisha aliwaonyesha namna ya kuanza kila tukio. Kwanza andika kama ni ndani au nje, ni wapi, na ni mchana au usiku. Halafu andika kinachoonekana. Halafu jina la anayesema, na chini yake maneno yake. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu.

"Na jambo moja zaidi," alisema akiwa mlangoni. "Baki na nakala nyumbani, yenye tarehe. Mtu akija na karatasi akakwambia usaini haraka akutengenezee filamu, usisaini kabla hujasoma na kuelewa. Hata awe na gari zuri."

"Hasa akiwa na gari zuri," alisema mke wa dobi.

Alasiri ile dobi alikwenda maktaba akanakili tangazo lote. Masharti yalikuwa tisa. Mkewe alitenga vifungo tisa kwenye kisosi. Kila sharti lilipotimia, kifungo kimoja kilirudi kwenye kopo. Kurasa zisizidi ishirini: kifungo. Hadithi iwe yako mwenyewe: kifungo. Mumewe alisoma kila tukio kwa sauti, naye alimsikiliza huku akishona.

"'Dobi anahisi upweke,'" dobi alisoma.

"Kamera inaonaje?"

Dobi aliguna, akafuta.

Siku ya mwisho ya wiki ya pili walikwenda duka la kupiga chapa. Kurasa zilitoka zikiwa bado na joto, kumi na saba. Dobi alizipanga vizuri kwenye kaunta. Mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni, ukatoka na kalamu ya wino.

Mkewe alimdaka kiganja. "Wewe! Lete hiyo kalamu."

"Ikipotea je?"

"Watakupa namba. Na nakala tunayo. Lete."

Akampa. Ilimuuma, kusema kweli. Jina lake lilikaa kwenye fomu peke yake, na kifungo cha sharti la nne kikarudi kwenye kopo. Bahasha ikaenda siku sita kabla ya mwisho.

Baada ya miezi miwili barua ilikuja. Safari hii dobi aliisoma yote, mara mbili, ndipo akampa mkewe. Hakuwa mshindi wa kwanza. Lakini kazi yake ilikuwa miongoni mwa nane zilizochaguliwa. Waandishi wa kazi hizo wangepata mafunzo ya wiki moja bila malipo, na siku ya kufungua mafunzo, waigizaji wangesoma kipande cha kila kazi mbele ya watu.

Walifunga duka nusu siku, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ukumbi wa maktaba ulijaa. Katika safu ya pili mtunza mavazi aliwapungia mkono. Mwigizaji mzee alisimama, akasoma: ndani, duka la dobi, asubuhi. Dobi anashusha shati. Anaona kifungo kimelegea. Anaketi, anakishona. Analirudisha kwenye kamba, mbele kabisa, karibu na mlango.

Mwanamke mmoja aliyeketi mbele alipangusa macho.

"Kazi namba arobaini na moja," alisema katibu wa mashindano. "Mwandishi wake ni nani?"

Dobi hakuinuka. Mkewe alimsukuma mgongoni kama anavyosukuma mlango wa duka uliokwama.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ni dobi."

Watu walipiga makofi. Katibu aliweka kurasa kumi na saba mezani mbele yake. "Waamuzi wamemaliza kazi yao. Sasa andika jina lako. Ukurasa wa kwanza tu."

Dobi alipapasa mfuko, akakumbuka. Mkewe alikuwa ameshafungua mkoba. Alimletea ile kalamu ya wino usiotoka. Dobi aliinama, akaanza kuandika pembeni, herufi ndogo, kama anavyoandika ndani ya ukosi.

"Kubwa, baba watoto," mkewe alimnong'oneza. "Hili si la kufichwa."

Akahamisha kalamu katikati ya ukurasa, akaandika kubwa.