Nzuri Tu, Sista

Tik.

Mama Chiriku alifumbua macho. Alfajiri ilikuwa bado giza. Sauti ilitoka jikoni, ndogo kama ya punje inayoanguka ndooni.

Kabla ya hapo, macho yakiwa bado yamefumbwa, alikuwa amesikia pakiti ya vidonge ikibonyezwa. Alifurahi. Mume wake anakunywa dawa zake za moyo bila kukumbushwa. Kisha ikaja hiyo sauti. Ikaja tena. Tik.

Aliinuka, akaenda jikoni, akawasha taa. Mume wake alikuwa amesimama kando ya ndoo ya taka. Ndani ya ndoo kulikuwa na vidonge viwili vyeupe.

"Unafanya nini, Baba Chiriku?"

"Zima taa."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Nimesema zima taa. Au siku hizi hata taa siyo yangu?"

Baba Chiriku alikuwa fundi seremala. Miezi michache nyuma alipata mshtuko wa moyo akiwa kazini, randa mkononi. Hospitali ilimwokoa. Alirudi nyumbani na dawa na maagizo. Tangu hapo muuguzi wa hospitali alimpigia simu kila Jumatano kumjulia hali. Majirani walisema ana bahati.

Lakini fundi aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Yule wa zamani alikuwa mcheshi. Akimkabidhi mteja kiti alimwambia, "Utakikalia wewe, atakikalia mjukuu wako, na bado hakitalalamika." Huyu wa sasa alilala mchana, na usiku alikodolea macho dari. Chakula alikisukuma pembeni. Hasira zake hazikuwa na kichwa wala miguu. Chai ikiwa moto, anaunguzwa makusudi. Ikipoa, amedharauliwa. Mlango ukifungwa, amefungiwa kama mwizi. Ukiachwa wazi, anaonyeshwa watu.

Binti yao wa miaka sita aliitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Siku hizi alikuwa akiongea na mdoli wake kwa kunong'ona.

Siku hiyo ya vidonge ilikuwa Jumatano. Simu ililia mchana kabla ya chakula.

Kawaida mazungumzo yalikuwa mafupi. "Habari za moyo, Fundi?" "Nzuri tu, Sista." "Na usingizi?" "Nzuri tu." "Dawa unakunywa?" "Nakunywa." Basi, kwaheri. Watu wengi hujibu hivyo. Hata mwenye homa kali huanza na nzuri. Ila mwenye homa huendelea, akaeleza kinachomuuma. Fundi alikuwa anaishia hapo hapo.

Leo mke wake aliiwahi simu.

"Habari za moyo, Fundi?"

"Siyo fundi. Ni mke wake. Na leo utanisikiliza wewe. Kila wiki unapiga, kila wiki unaambiwa nzuri, na wewe unaridhika. Nzuri ipi? Mtu anatupa dawa kwenye taka. Hali chakula. Halali usiku. Hanisemeshi ila kwa kufoka. Hiyo ndiyo kazi yenu, kupiga simu mdanganywe?"

Mama Chiriku aliitazama skrini ya simu.

"Umekata?"

"Sijakata, mama. Una haki ya kukasirika. Niliuliza kijuujuu nikaridhika na jibu jepesi. Sasa nieleze yote."

Mama Chiriku alieleza. Alieleza kwa ukali, kama anayepiga misumari. Muuguzi hakumkatiza.

"Mama, umewahi kusikia ugonjwa wa sonona?"

"Mume wangu si mwendawazimu."

"Sijasema hivyo. Sonona ni huzuni inayomkalia mtu wiki baada ya wiki, isitoke. Inamnyima usingizi, hamu ya kula na nguvu. Kazi aliyoipenda haimvutii tena. Wagonjwa wengi wa moyo huipata. Siyo uvivu, siyo udhaifu, na inatibika. Wengine hulia. Wengine hufoka."

"Kwa hiyo ananifokea kwa sababu anaumwa?"

"Inawezekana. Siwezi kuwa na uhakika mpaka nimsikie mwenyewe."

"Na mimi niendelee kufokewa tu?"

"Hapana. Ugonjwa siyo ruhusa ya kukutesa. Na wewe ukichoka, uniambie. Simu hii ni ya kwako pia."

Mama Chiriku alikuwa na majibu mengine makali tayari. Akayaacha. Aliingia chumbani alimolala mume wake, akawasha spika, akaiweka simu kitandani mbele yake.

"Mmemaliza kunichambua?" Fundi aliuliza. "Mimi mchele?"

"Bado umebaki wewe," muuguzi alisema. "Leo sikuulizi habari, Fundi. Mara ya mwisho umeshika randa lini?"

"Si ninyi mlionikataza? Siku natoka hospitali mlisema, usifanye kazi nzito. Useremala ni kazi nzito. Basi, nimekwisha. Nikiinua kikombe, mke wangu ananipokonya. Mtoto akinisogelea anaambiwa atanishtua moyo. Nyumba hii ina matanga, na maiti ni mimi."

Mama Chiriku alijua ni kweli. Kikombe alikuwa amempokonya jana tu.

"Katazo hilo lilikuwa la wiki za mwanzo," muuguzi alisema. "Tulipaswa kukwambia mwisho wake ni lini. Hatukukwambia. Hilo ni kosa letu."

"Leo ndiyo mnakumbuka." Fundi alipiga godoro ngumi. "Miezi yote hii nimelala kama gogo, leo ndiyo mnakumbuka."

"Nikasirikie, ni haki yako. Ila nijibu. Vidonge unavitupa kwa nini?"

"Mashine iliyokufa unaitia mafuta ya nini?"

"Unafikiria kufa, Fundi?"

Mama Chiriku aliinyakua simu. "Sista, swali gani hilo?"

"Kumuuliza hakumpi wazo hilo, mama. Kama analo, kunampa nafasi ya kulitua. Mwache ajibu."

Fundi aliangalia ukuta. Alipojibu, sauti ilikuwa ya chini.

"Sijapanga kujidhuru. Lakini nikilala, natamani kusipambazuke."

Mama Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ili iwe nini? Umebeba nyumba nzima peke yako. Nikuongezee na hili?"

"Asante kwa kusema, Fundi," muuguzi alisema. "Leo hii mnakuja hospitali, nyote wawili. Daktari apime moyo na sonona. Mwambie umeacha dawa kwa muda gani. Kwa sasa usikae peke yako. Mawazo hayo yakizidi, saa yoyote, msisubiri simu yangu, njooni. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hivyo hivyo. Na dawa za moyo haziachwi kwa hasira. Anayezibadilisha ni daktari tu."

Walikwenda. Njia nzima fundi alinung'unika kwamba anaswagwa kama ng'ombe wa mnadani. Daktari aliona kwamba kweli ana sonona. Alimpangia mshauri wa kuzungumza naye, na dawa isiyogombana na zile za moyo. Akamruhusu kutembea na kufanya kazi nyepesi. Mbao nzito zingesubiri kwanza.

Simu za Jumatano zikabadilika. Muuguzi hakuuliza tena habari za moyo. Aliuliza, siku ipi ilikuwa mbaya kuliko zote? Jana umekula nini? Umetoka nje? Wiki ya kwanza fundi alimjibu, "Sista, wewe ni mmbea." Lakini alijibu. Kila simu walikubaliana jambo moja dogo. Kutembea hadi mwisho wa mtaa. Kukaa karakanani bila kufanya kitu. Kupiga msasa mguu mmoja wa stuli. Wiki aliyoshindwa, muuguzi hakumkaripia. Aliuliza kilichomzuia, kisha wakapunguza jambo likawa dogo zaidi.

Mama Chiriku naye alikuwa na dakika zake kwenye simu. Alijifunza kuacha kupokonya vikombe. Haikuwa rahisi. Mume wake akibeba ndoo ndogo ya maji, yeye aliuma kidole.

Siku zilikwenda hivyo, nzuri na mbaya zikipokezana. Asubuhi moja fundi alifoka juu ya chai. Mke wake akamtazama bila kuogopa.

"Hiyo ni sonona au ni wewe?"

Fundi alifikiri kidogo. "Hiyo ni mimi. Chai haina sukari."

Mke wake akaionja. Kweli haikuwa na sukari. Wakacheka, na kicheko kikawashangaza wote wawili.

Miezi ikapita. Fundi akaanza kulala usiku na kuwa macho mchana kama watu wengine. Dawa alizinywa mezani, mbele ya kila mtu. Wateja wakarudi, mmoja mmoja. Chiriku akahamia karakanani na mdoli wake, akiuliza jina la kila msumari.

Jumatano moja simu ililia huko karakanani. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa gundi hadi viwikoni, anafoka peke yake.

"Ipokee wewe," alimwambia binti yake, bila kumtazama.

Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ni Chiriku huyo?" muuguzi aliuliza. "Baba anaendeleaje leo?"

Mtoto alimtazama baba yake. Akatazama kopo lililolala ubavu.

"Baba amekasirika kwa sababu nimemwaga gundi."