Vifuko Vitatu vya Chavua

"Hii ni ngano ya mama mtupu," Manroop aliniambia, akiweka karatasi ya vipimo juu ya ndoo yangu. "Mimea arobaini, hakuna hata mmoja wenye vinasaba vya baba. Jagsir, haya masuke nani aliyatoa chavua?"

"Mimi."

Ilikuwa Januari, ukungu umelala shambani. Yeye alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya udaktari wa mbegu, mimi kibarua wa kituo cha utafiti wa ngano, mwenye cheti cha sekondari. Kila ua la ngano lina vifuko vitatu vya chavua, na kazi yangu ilikuwa kuving'oa vyote kwa kibano. Ukiacha kimoja, ua linajizalisha lenyewe, na chavua ya baba unayoileta haina kazi.

"Wewe hukosei. Miaka mitatu sijaona ukikosea."

"Sikukosea."

Alikaa chini kwenye tuta.

"Ulisema ukimaliza masomo, kwenu wanakuoza Kanada," nikasema. "Nilitaka uchelewe."

"Umeniibia mwaka, Jagsir."

"Najua."

"Ungesema tu."

"Niseme nini? Mshika kibano kwa daktari?"

"Mshika kibano angesema, daktari angesikia. Mjinga wewe." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nimechoka. Profesa nitamwambia kosa ni langu. Machi utayatoa chavua masuke yote upya, na utahesabu kwa sauti."

Machi nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Ua baada ya ua, mgongo unawaka, yeye kando yangu akiyafunika masuke kwa mifuko ya karatasi. Siku ya nne alinipa simu nisome alichomwandikia mama yake: "Mama, waambie watu wa Kanada wasinisubiri."

Mama akajibu: "Kwa sababu ya masomo?"

"Masomo, na mjinga mmoja."

Mama yake hakusema nami hadi siku ya harusi yetu, na siku hiyo aliniuliza tu kama nimekula.

Tuliishi pamoja miaka mitano, kisha Manroop akapata saratani. Hospitalini nilimwambia, "Nisamehe ule mwaka."

"Nilikusamehe siku ya pili ya Machi."

"Mbona uliniacha nihesabu mwezi mzima?"

"Nilipenda sauti yako. Shambani ulikuwa huongei."

Miaka mingi baada ya kifo chake, bado nafanya kazi kituoni. Wanafunzi wapya wananipa masuke yao, nami nainama na kibano. Moja, mbili, tatu.

"Mzee Jagsir, unaongea na nani?" wananiuliza.

"Nahesabu," nawajibu.