Maneno Matano ya Baba

Kila akitoka shuleni, Kasuku alipitia kwanza kwenye karakana ya baba yake kufagia unga wa mbao. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa sababu alichosikia mara moja alikirudia neno kwa neno. Baba yake alikuwa fundi seremala wa kutegemewa. Akikutazama tu ulivyosimama, alijua kiti chako kiwe na kimo gani.

Halafu akaanguka. Alikuwa anapaua nyumba ya mteja, hana kofia ngumu kichwani, akateleza kutoka juu ya kenchi, zile mbao za kubebea paa. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani na mshono nyuma ya sikio na mizaha yake ileile. Majirani wakasema amepona. Waliokuwa wakiishi naye waliona mengine. Alipima ubao, akaandika, kisha akaupima tena uleule kana kwamba hajauona. Siku moja alimwomba Kasuku, binti yake, amletee "ile ya kukwangulia," akabaki ameduwaa, mkono hewani. Randa, chombo alichokishika tangu ujana wake, jina lake lilikuwa limemtoka.

Daktari wa ubongo, mwanamke mpole wa maneno machache, akampima kumbukumbu. Kasuku alikuwa amemsindikiza baba yake, akaruhusiwa kukaa pembeni. Baba alisomewa maneno matano: kiti, ndizi, daraja, sindano, mvua. Kisha akaambiwa achore saa ya ukutani, na namba zote akazirundika upande mmoja. Alipoulizwa yale maneno, alikumbuka kiti tu. Daktari akamkataza kugusa mashine yoyote mpaka atakapopimwa tena.

Habari zikazagaa. Darasani, wenzake Kasuku walisema nati za baba yake zimelegea, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kasuku aliinama kwenye daftari lake kama hakusikia. Jioni ile alikaa na baba yake mlangoni, akaanza kumkaririsha yale maneno matano na kumwonyesha namna ya kupanga namba za saa. Alimwambia ni mazoezi yaliyoagizwa na daktari. Baba akaamini, akajitahidi kila jioni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya kipimo cha pili daktari hakuwepo. Msaidizi wake akatumia karatasi ileile, na Baba akajibu yote bila kusita. Akapewa ruhusa ya kurudi kazini. Njiani alimsimulia binti yake vitanda atakavyotengeneza, na Kasuku alijiona ameshinda.

Wiki haikuisha. Baba alikuwa anapasua ubao kwa msumeno wa umeme, mpita njia akamsalimia. Akageuka kuitikia, akasahau kuwa mashine inazunguka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikakatika.

Safari hii daktari alitaka kujua mwenyewe jinsi mtu aliyejibu vizuri vile alivyojisahau hivyo. Kasuku akiwa amekaa pembeni, akamsomea Baba maneno mapya: shati, embe, mlango, ng'ombe, jua. Wakazungumza kidogo mambo mengine, kisha akamwomba ayataje. Baba akajiweka sawa kitini, uso umechangamka.

"Kiti, ndizi, daraja, sindano, mvua," alisema, akamgeukia binti yake akingoja kusifiwa.

Daktari naye akamtazama Kasuku. Kasuku akaanza kulia, na katikati ya kwikwi akaeleza yote.

"Kumbe hayakuwa mazoezi?" Baba aliuliza.

"Hayakuwa, Baba. Sikutaka wakucheke."

Baba aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. Kasuku aliona afadhali angemchapa.

Daktari alikiri kwamba nao walikosea kurudia karatasi moja. Kisha akasogeza kiti chake karibu na msichana.

"Mwanangu, huu si mtihani wa shule," alisema. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Kila neno alilolikosa lilikuwa linatuonyesha pa kumsaidia, na wewe ukatufumba macho. Najua unampenda. Lakini ukweli ungemletea aibu ya siku chache, na aibu hupita. Mkono huu hautarudi ulivyokuwa."

Tangu hapo Baba alianza mazoezi ya kweli. Majina ya vyombo vyake yalirudi moja moja, lakini mashine hakuruhusiwa tena. Sasa anasugua mbao kwa msasa kwa mkono wa kushoto, na kazi ya kukata anaifanya fundi aliyeajiriwa, ambaye hapimi kwa macho.

Siku za kliniki Kasuku hukaa nje kwenye benchi. Mara ya mwisho Baba alitoka na daktari, akamuuliza binti yake kama amejibu vizuri.

"Sijui, Baba. Sikuwemo."

"Amekumbuka matatu," daktari alisema. "Ni machache, lakini ni yake mwenyewe. Kwa hayo tunaweza kumtibu."