Gari la Kulala Nyumbani

— Tutatwaa ya haibridi, mume wangu Nasiri alimwambia muuzaji, nami hata mkanda wa kiti nilikuwa sijafungua.

— Hatuyasikilizana, Papa Shadia. Mimi nataka ya kurant, ya umeme tu.

Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Valens. Alitoka Kigali na magari mawili ili wateja wa huku wayajaribu, akayaegesha mbele ya hoteli hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Yote mawili marefu, meusi, viti vya ngozi, ya kumfanya mtu asahau amezaliwa wapi. Moja linatumia umeme mtupu. Lingine, la haibridi, lina betri ya kuchaji na injini ya petroli, na betri ikiisha injini inapokea kazi.

Nasiri anauza vitenge kwa jumla Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo; depo yake iko mtaa wa Kadutu. Alisema kule umeme hukatika ovyo, kwa hiyo haibridi ndiyo gari la mfanyabiashara. Alisema kweli, ndiyo maana nilishindwa kubishana naye mbele ya mtoto wa watu.

— Lakini juu ya nini unang'ang'ana na ya kurant? akaniuliza.

— Juu ile italazimika kuya kulala ku nyumba.

Akageuza uso, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na kosa lolote.

Niseme wazi, ili anayesoma asidhani nilikuwa mwanamke wa kupenda makuu. Gari lenyewe halikunishughulisha. Kwa miaka miwili mume wangu alikuwa halali nyumbani siku tatu kila wiki. Jioni anapiga simu: mpaka umefungwa, nimekwama. Mwanzoni niligomba. Kisha nikalia. Kisha nikachoka, na kuchoka ni kubaya kuliko wivu, maana mwenye wivu bado ana nguvu za kuuliza. Nilichokuwa nacho ni hilo gari tu. Akipata la umeme, kila jioni lingehitaji waya wa nyumbani kwangu, na mwenye gari angelifuata. Akipata la haibridi, nilijua nimempoteza.

Na kulikuwa na jambo la nyumba yetu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliweka desturi kwamba mfanyabiashara yeyote wa ng'ambo akifungiwa mpaka upande wetu, aje alale kwake. Geti la nyumba hii halijawahi kuona kufuli. Alipokuwa anakufa alinishika mkono, nikaahidi kuiendeleza. Basi kila jioni baraza linajaa mikeka, ndoo za dagaa waitwao sambaza, vifurushi vya sabuni na simu kumi zinazogombea tundu moja la umeme. Napikia watu wanane, siku nyingine kumi na wawili. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu wamekuja kwa miaka kumi na sita na hakuna aliyepona.

Sasa fundi Karangwa alikuwa ameshapima. Chaja ya gari la umeme ingekaa palepale barazani, na baraza lingegeuka banda la gari.

— Bageni batalala wapi? Nasiri aliniuliza siku ile.

Nilicheka kwa hasira. Mtu asiyelala nyumbani ndiye aliyewahurumia wanaolala.

Valens aliona hatufiki. Akatuambia tujaribu kila gari siku mbili, tuanze na la haibridi. Kuna programu ya simu inayoonyesha betri na mahali gari lilipo. Nasiri alikuwa amesahau miwani yake, kwa hiyo kijana akaiweka kwenye simu yangu. Nasiri alishughulikia karatasi za mpaka, akavuka.

Kesho yake, saa kumi na dakika ishirini za mchana, nikiwa nachambua mchele, simu ikalia.

"Gari linachaji. Muhumba, Bukavu."

Muhumba ni mtaa wa watu kuishi, bustani na ukuta mrefu. Kutoka pale hadi Kadutu ni safari. Nikapiga.

— Uko fasi gani, Papa Shadia?

— Niko mu depo, maman. Kazi ni mingi. Pengine nitakwama huku.

— Sawa.

Nikaacha mchele kwenye ungo. Nikachukua kitambulisho na mtandio, nikateremka kwa miguu hadi mpakani, Rusizi ya Kwanza, nikapita katikati ya wabeba mizigo bila kumsalimu mtu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Njia nzima nilimpamba yule mwanamke. Nikampa umri mdogo, nikampa nywele ndefu, nikampa hata mtoto mwenye pua ya Nasiri.

Gari nililiona kabla sijaona nyumba, limechomekwa waya uliotoka dirishani. Mlango ulifunguliwa na mama mzee mwenye kilemba cha kijani.

— Karibu. Mimi ni Nyirabagenzi. Unatafuta nani?

— Mwenye hii gari.

Akaniangalia kuanzia miguuni.

— Weye njo bibi ya ule papa wa kulala?

— Wa kulala na nani?

— Na nani tena? Wa kulala tu. Anapanga shambre yangu ya nyuma, mwaka wa pili sasa. Anakuya, anafunga mulango, analala. Hata muziki hataki.

Alinipeleka nyuma. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi nne, msumari wa kutundikia shati, na dirisha la kutazama mgomba. Nasiri alikuwa amelala chali mdomo wazi, soksi miguuni. Nilichungulia chini ya kitanda. Nilinusa shati. Hapakuwa na harufu yoyote zaidi ya yake, na niliumia kuliko ningemkuta na mtu. Mwanamke ningejua la kumfanya. Kitanda ningekifanya nini?

Nikakaa ukingoni. Akafumbua macho, na hakushtuka. Alikuwa mchovu hata wa kushtuka.

— Hakuna mwanamuke, akasema.

— Nimeona. Ingekuwa heri angekuwako.

— Zulaikha.

Miaka mingapi hajaniita jina langu? Nyumbani mimi ni Maman Shadia, kwake na kwa wageni wote.

— Ulinikimbia mimi, Nasiri. Bantu banafungiwa mupaka, banakuya kulala kwako. Na weye unasema mupaka umefunga, unalala kwa bengine.

— Sikukukimbia weye. Nilikimbia nyumba.

— Ile nyumba njo mimi. Hakuna kingine changu mule.

Akafikiri kidogo, akajikuna shingo.

— Njo shida sasa. Kila jioni nikifika, nasalimia bantu kumi. Weye unanipitia na masahani, unaniuliza kama chumvi inatosha. Miaka mbili hauyakaa chini hata mara moja. Nikaona heri nisikuongezee muntu wa kumi na moya.

— Juu ya nini haukusema?

— Ile ni ahadi ya mama yangu. Ningesema nini? Nifukuze bageni ba mama?

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, nimeyapanga vizuri. Lakini kitanda kile kilikuwa laini, na chumba kilikuwa kimya, kimya ambacho sikukumbuka nimekisikia lini mara ya mwisho. Likanitoka lingine kabisa.

— Na mimi je? Weye ulipata Muhumba. Mimi nilikimbilia wapi?

Alinitazama hadi macho yakamlowa, kisha akasogea ukutani, akaniachia nusu ya kitanda.

Nikavua viatu. Nilidhani nitajinyoosha dakika tano.

Nilizinduka jua likiwa juu ya mgomba, asubuhi ya siku ya pili, Nyirabagenzi akigonga na chai. Mpaka ulikuwa umefungwa kweli na tena umefunguliwa, nasi hatuna habari. Simu yangu ilikuwa imepigwa mara saba na Cassien, muuza sambaza, mgeni wetu wa miaka yote. Halafu alikuwa ameandika:

"Maman Shadia hatukukuona. Tulipika ule muchele. Ulikuwa na mawe kidogo. Tumeosha masahani."

Nikamsomea Nasiri. Akacheka, akarudia "mawe kidogo", akacheka tena hadi akakohoa. Mimi nililia kwanza, kisha nikacheka naye. Miaka yote ile nilidhani nisipokuwepo watu watakufa njaa, kumbe wanajua hata kuosha sahani.

Tulivuka pamoja. Valens alikuwa anatungoja hotelini, akaanza kueleza jinsi la umeme lilivyopanda msitu wa Nyungwe na bado likabaki na chaji. Nasiri akamkatiza kwa upole.

— Tunatwaa hii ya kurant, kijana.

— Mzee, hamjalijaribu. Na Bukavu utachaji wapi?

— Bukavu nitaenda na kurudi. Kulala nitalala kwa bibi yangu.

Karangwa alifunga chaja barazani Jumamosi. Nilikunja mikeka ya mama mkwe mmoja mmoja, nikamwombea, nikamwambia kwa sauti kwamba nimetimiza ahadi yake miaka kumi na sita na sasa sina nguvu. Iliniuma. Bado inaniuma. Kisha nikaenda dukani kununua kufuli, na muuzaji akanirudishia swali mara mbili kuhakikisha kwamba ni mimi.

Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, Cassien alisimama getini na ndoo yake kichwani.

— Maman Shadia, tumefungiwa. Mupaka umefunga.

Nilimpa chakula nilichokuwa nimemfungia, na jina la nyumba ya wageni iliyo karibu na soko.

— Pole, Cassien. Hata wa kwetu umefunga.

Alilitazama gari barazani, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa hivyo zamani. Nikabana kufuli. Ndani, Nasiri alikuwa ameshalala, na upande wangu wa kitanda aliuacha wazi.