Itika Kwanza

Mwalimu Monika hakuwa mtu mbaya. Hata wazazi waliokuja kuwaondoa watoto wao shuleni kwa sababu yake walilikubali hilo. Alitoka Ufipa akiwa mbichi kabisa kutoka chuoni, akapangiwa shule moja ya msingi kule Litapunga, na watoto wakampenda upesi kwa kuwa hakuwa mwepesi wa fimbo na kila somo kwake liligeuka mchezo. Hesabu walijifunza kwa mbegu za maboga. Jiografia walijifunza nje, juani, wakichora ramani kwenye vumbi kwa vijiti.

Kilichomkera ni kimoja tu. Ukimwita mtoto wa pale kwa nyuma, haitiki. Anasimama, anageuka polepole, anakutazama usoni, ndipo anasema "Abee." Watoto wa Kisukuma ndio walioanza, na wale wa familia zilizotoka Burundi nao wakaiga. Monika aliona ni utovu wa adabu, basi akawatungia kibwagizo cha kuimba kila asubuhi mstarini: ukiitwa, itika kwanza, kutazama baadaye. Waliimba kwa furaha, wakipiga makofi.

Siku moja akaja mzee Malale, mfugaji, baba yake Nyanzala wa darasa la tano. Alikataa kiti.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Mengine yote mfundishe. Hilo la kuitika liache. Kwetu mtu haitiki mpaka amwone anayemwita."

"Kwa nini, baba?"

"Wanaojua majina yetu ni wengi. Wengine si watu."

Monika alijikaza asicheke mbele yake. Alicheka ofisini baada ya mzee kuondoka, na walimu wenzake wakamsaidia kucheka. Nyanzala, aliyekuwa mgumu kuliko wote, mwisho wa muhula ndiye aliyeitika vizuri kuliko wote, kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka barabarani.

Mwaka huo, ulikuwa wa tisini na moja, darasa la tano likapata safari. Wangekwenda Kapalamsenga kuliona Ziwa Tanganyika na kulala huko, kwenye madarasa ya shule ya wenyeji. Watoto wengi hawakuwahi kuona maji makubwa kuliko lambo la ng'ombe. Malale alikataa, binti akalia, akasusa chakula, mzee akalegea. Asubuhi ya safari alimshika Nyanzala mkono, akauweka kwenye mkono wa Monika.

"Nimekukabidhi," alisema. "Utanirudishia."

"Nitamrudisha, baba."

Wakapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua dagaa, wakaimba njia nzima hadi sauti zikakauka. Walipoliona ziwa walinyamaza wote kwa pamoja. Mtoto mmoja akauliza ng'ambo wanaishi nani, na wote wakacheka.

Kesho yake, baada ya uji, Monika akawatoa ufukweni kucheza mchezo wa pande za dunia. Alichana kipande cha kanga yake ya njano, akawa anamfunga mtoto macho, anamzungusha, kisha anasogea pembeni na kumwita. Mtoto anaitika, anaifuata sauti, na akifika lazima aseme amekwenda kaskazini, kusini, au wapi, kwa kulisikia jua usoni tu. Mwalimu Ponsian, aliyekuja naye, alisimama upande wa maji asije mtu akatumbukia. Mama Sikujua, mwenyeji aliyekuwa akiwapikia, alikuwa anaanua dagaa huku akiwatazama na kutabasamu.

Zamu ya Nyanzala ikafika. Monika alimfunga mwenyewe, mafundo mawili, akamzungusha. Akasogea upande wa shule. Akavuta pumzi amwite.

"Nyanzala!"

Sauti ilikuwa yake. Ile ile, na lafudhi yake ya Kifipa, na ule mvuto wake wa mwishoni. Lakini mdomo wake ulikuwa haujafunguka. Sauti ilitoka kwenye matete, kule mto unakoingilia ziwani.

"Abee, mwalimu!" Nyanzala akaitika.

Akaanza kutembea. Watoto walikuwa wanacheka. Ponsian naye alikuwa anacheka.

"Nyanzala," ikaita tena, taratibu.

"Abee."

Hakupapasa kama wenzake. Alikwenda moja kwa moja, mikono imelegea. Monika akapata sauti yake, akapiga kelele: "Nyanzala, simama!" Mtoto akasimama. Akageuza kichwa, macho yamefungwa, akasikiliza huku na huku. Sauti mbili za mwalimu mmoja. Alikuwa anachagua.

"Nyanzala, njoo."

"Abee."

Akaingia kwenye matete.

Monika alikimbia. Ponsian alikimbia. Matete yale hayakuwa mapana, ukisimama huku unaona ng'ambo. Hapakuwa na mtoto. Kipande cha kanga kilining'inia kwenye tete, kimelowa, na mafundo yake mawili yalikuwa hayajafunguliwa.

Mama Sikujua alifika anahema. Hakuuliza amepotelea wapi.

"Aliitika?" alinong'ona.

"Aliitika."

Mama yule alikaa chini mchangani, akajifunika uso kwa kanga.

Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Kule Litapunga, Malale hakumtukana Monika, na afadhali angemtukana. Alipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akakizika nyuma ya zizi, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuzika. Kisha wazazi wengine wakaanza kusema kwamba sauti ya mwalimu inapita majumbani jioni ikiita watoto, ilhali Monika mwenyewe yuko kwake. Darasani akiita jina, hakuna aliyeitika. Walimtazama tu, macho makavu. Akahamishiwa Mpanda mjini.

Akaolewa Misunkumilo, huko huko mjini, akazaa binti mmoja, Leokadia. Jina hilo aliliandika kwenye cheti cha ubatizo na hakulitamka kamwe. Akimtaka mtoto, alimfuata alipo na kumshika mkono. Majirani walimwona ana maringo. Mume alimwona mgonjwa. Yeye alijua anachokilinda, na kila usiku alimfundisha mtoto yale yale: usiitike mpaka umwone anayekuita.

Mwaka wa tisini na tisa Leokadia akaanza darasa la kwanza. Ijumaa ya wiki ya kwanza alirudi na sare yake mpya, ana furaha, akala, akamwambia mama yake kwamba wamefundishwa wimbo. Akauimba wote, akipiga makofi. Ukiitwa, itika kwanza.

"Nani kawafundisha huo?" Monika aliuliza.

"Mwalimu. Anasema zamani ulikuwa unaimbwa Litapunga."

Kisha mtoto akatoka uani kucheza. Monika alibaki ameshika sahani. Alitaka kunyanyuka amfuate.

Nje, sauti yake mwenyewe ikaita jina ambalo hakuwahi kuliita.

"Abee, mama!" Leokadia akaitika.

Monika alifika mlangoni. Jua lilikuwa bado kali, uani kulikuwa kweupe. Kuku walikuwa wanachakura. Ndala za mtoto zilikuwa pale, zimeelekea magharibi, upande wa ziwa, na juu ya kamba ya nguo kilining'inia kipande cha kanga ya njano. Kilikuwa na udongo wa Litapunga, na kilikuwa kinachuruzika maji.

Mafundo sasa yalikuwa matatu.